Mountain baiki yako ya zamani: uifufue au ununue nyingine? Hatua kwa hatua

Swali hili linarudi kila mara na karibu kwa maneno yaleyale, "nina mountain baiki ya miaka 10 au 15, bado inatembea, ninunue mpya au niendelee nayo?" alafu inafuata picha ya baiskeli imeegemezwa ukutani, tena upande ambao cheni haionekani. Kwa picha hiyo hakuna mtu anaweza kukujibu sawasawa. Ndo maana nimeamua kuandika hatua zote hapa, uzifanye mwenyewe kwenye baiskeli yako, na ukifika hatua ya 7 jibu utakuwa nalo mkononi.

Kabla hatujaanza shika jambo moja. Baiskeli ina vitu vinavyobadilishika na ina vitu visivyobadilishika. Tairi, cheni, breki, siti, hendeli, gia, hivyo unafungua unafunga vingine. Lakini urefu wa fremu, pembe ya shingo (pale foki, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, inapoingia kwenye fremu), nafasi ya kupita tairi, upana wa pale nyuma gurudumu linapokaa, fremu imezaliwa navyo na itakufa navyo. Kazi yote tunayoenda kufanya ni kujua kinachokusumbua kiko kundi gani. Kikiwa kundi la kwanza, karabati. Kikiwa kundi la pili, hata umwage hela kiasi gani utaendelea kulalamika palepale. Umri wenyewe hauamui kitu, nimeshika fremu za chuma za miaka ya 90 nzima kabisa na nimeshika fremu za miaka mitatu zimepasuka.

Vitu vya kuwa navyo

- Ndoo ya maji, sabuni na kitambaa cheupe. Nasisitiza cheupe, utaona sababu.
- Tochi, ya simu inatosha.
- Rula ya chuma yenye milimita, angalau sentimita 31.
- Spana za aleni, ile seti ya kawaida.
- Pampu yenye geji, na kama foki yako ni ya hewa, pampu ndogo ya shoki.
- Daftari na kalamu. Usiandike kichwani.
- Saa mbili au tatu za ukaguzi, alafu wiki mbili za kuiendesha kabla ya kuamua.

Usiwe navyo: matangazo ya baiskeli mpya. Funga hizo kurasa zote kwanza. Mtu akishaona rangi anayoipenda, ukaguzi wote unageuka kutafuta sababu za kununua.

Hatua ya 1: Andika kinachokukera, kwa maneno ya barabarani

Usiandike "baiskeli imepitwa na wakati", hiyo haina maana. Andika kilichotokea na mahali kilipotokea. Mfano, "nikishuka mteremko wenye mawe naogopa kupinduka mbele", "cheni inaruka nikisimama kukanyaga", "breki inahitaji vidole vinne na bado haishiki", "nikipanda mlima mkali gurudumu la mbele linanyanyuka", "magoti yanauma baada ya saa moja".

Alafu mbele ya kila moja weka alama, B kama kinabadilishika, H kama hakibadilishiki. Mifano ya juu hiyo: cheni kuruka ni B. Breki kutoshika ni B karibu kila mara. Magoti, anza na urefu wa siti, ni B. Kuogopa kupinduka kwenye mteremko kunaweza kuwa H, kwa sababu fremu za zamani za njia za milimani zilikuwa na pembe ya shingo ya digrii 70 au 71, yaani foki imesimama wima, na za sasa za kuendeshea njia za kawaida za milimani ziko digrii 64 mpaka 66, gurudumu la mbele liko mbele zaidi yako. Gurudumu kunyanyuka kwenye kupanda nalo linaweza kuwa H, fremu za zamani zinakukalisha nyuma, pembe ya bomba la siti ilikuwa digrii 72 au 73 na sasa nyingi ziko 76 mpaka 78.

Nadharia inaishia hapo.

Hatua ya 2: Ioshe, alafu kagua fremu sentimita kwa sentimita

Hii ndo hatua muhimu kuliko zote na ndo watu wengi wanairuka. Fremu ikiwa na ufa hakuna hatua ya 3, mjadala umeisha.

Osha mpaka iwe safi kabisa, kausha, alafu pitisha kitambaa cheupe polepole huku unamulika na tochi. Sehemu za kukagua: chini ya bomba kubwa la mbele pale linapoungana na shingo, kuzunguka gololi za krenki (mikono inayoshika pedali), mikono ya nyuma inayoshika gurudumu hasa karibu na ekseli, juu ya bomba la siti pale kibanio kinapokaza, na kama ina shoki ya nyuma, kila kiungo kinachozunguka. Rangi iliyokunjamana kama ngozi chini ya shingo ni dalili kwamba baiskeli ilishawahi kugonga kitu uso kwa uso.

Nieleze yangu ilivyokuwa. Ilikuwa ya alumini, magurudumu ya inchi 26, ikaanza kulia "kri, kri" nikikanyaga kupanda. Nikabadilisha gololi za krenki, nikapaka grisi siti posti (bomba linaloshika siti), nikakaza kila boliti, mlio ukabaki, nikaendelea kuiendesha hivohivo miezi miwili. Siku moja naiosha kitambaa kikashika kitu nyuma ya bomba la siti, chini kidogo ya kibanio. Unyuzi mmoja kama nywele. Nilidhani ni nywele kweli, nikafuta, haikutoka. Nikapitisha ukucha, ukucha ukakwama. Nilipochomoa siti posti nikaona ufa umezunguka karibu nusu ya bomba, na kingo zake zina vumbi jeusi, ni alumini inasagana yenyewe kwa yenyewe kila ninapokaa. Sababu niliijua palepale: siti posti nilikuwa nimeivuta juu kupita ule mstari wa mwisho uliochorwa, kipande kilichobaki ndani kilikuwa kifupi mno, uzito wangu wote ukawa unapindua mdomo wa bomba. Miezi miwili nateremka na kitu kile. Kwa hiyo nikikwambia kitambaa cheupe na ukucha, fanya hivo.

Onyo: ufa kwenye alumini usikubali kuchomelea tu ukaendelea na safari. Alumini nyingi ya fremu hupata nguvu yake kwa kupashwa joto maalumu kiwandani, ukiichomelea sehemu ile inalainika. Chuma kinachomeleka vizuri kwa fundi anayejua. Kaboni inatengenezeka pia lakini kwa mtaalamu wa kaboni tu, sio gundi ya dukani.

Mkwaruzo wa rangi ni kitu tofauti na ufa. Mkwaruzo ukucha unateleza, na mara nyingi unaona chuma kikavu chini yake. Ukiwa na wasiwasi chora alama na kalamu kwenye ncha zote mbili za mstari, endesha taratibu sehemu tambarare siku chache, angalia kama umevuka alama.

Hatua ya 3: Pima vinavyochakaa

Cheni kwanza. Weka sifuri ya rula katikati ya pini moja, hesabu pini 24 kwenda mbele, cheni ikiwa imevutika. Cheni mpya inatoa milimita 304.8, yaani inchi 12 kamili. Ikifika kama 306.3 na una gia 11 au 12 nyuma, badilisha. Kwa gia 8, 9 na 10 unaweza kusubiri mpaka 307. Ikikaribia 308, basi na kaseti (zile gia za nyuma) nayo imeshaliwa, maana cheni iliyovutika inakula meno mpaka yafanane nayo. Hapo ukiweka cheni mpya peke yake itaruka, na mtu anasema "cheni mpya mbovu" kumbe kaseti ndo imekwisha.

Breki. Angalia unene wa pedi, chini ya milimita 1 ya nyenzo yenyewe tupa. Diski nazo zinaisha, za kampuni ya Shimano nyingi ni milimita 1.8 zikiwa mpya na kikomo ni 1.5, imeandikwa kwenye diski yenyewe. Kama una breki za kushika rimu, pitisha kidole ubavuni mwa rimu, ukisikia imebonyea kama bakuli, rimu imekwisha na siku moja inaweza kufunguka.

Gololi za shingo: shika breki ya mbele, weka kidole pale shingo inapokutana na foki, sukuma baiskeli mbele nyuma. Ukisikia "toku toku" kidoleni, kuna uwazi. Kaza kwanza kabla hujahukumu. Gololi za krenki: toa cheni kwenye gia ya mbele, shika mkono wa krenki, uvute kuelekea kwako na kusukuma. Magurudumu vilevile, shika juu ya tairi uyumbishe kushoto kulia.

Foki ndo yenye mambo mengi. Miguu ile inayong'aa ikaguliwe na ukucha, mkwaruzo unaokwaza ukucha utakata mpira wa kuzuia mafuta kila foki inaposhuka. Bonyeza foki kwa uzito wako wote ukiwa umeshika breki, inatakiwa ishuke laini na irudi bila kugoma. Ikigoma mwanzoni alafu ikashuka ghafla, usiitangaze imekufa, mara nyingi mafuta ya ndani yamekauka tu. RockShox, watengenezaji wa foki, wanashauri kuhudumia miguu ya chini kila saa 50 za kuendesha, na mimi nimekutana na foki za miaka minane ambazo hazijawahi kufunguliwa hata mara moja. Zikifunguliwa na kuwekewa mafuta na mipira mipya zinabadilika mpaka mwenyewe anauliza kama tumembadilishia.

Andika kila kitu daftarini. Usinunue chochote bado.

Hatua ya 4: Jua vipimo vya fremu yako

Hapa ndo utajua kama spea utapata miaka mitano ijayo au utakuwa unawinda.

Magurudumu. Ukubwa umeandikwa kwenye tairi, na namba ya kuamini ni ile ndefu: 559 ni inchi 26, 584 ni 27.5, 622 ni 29. Ya 26 ilikuwa ndo kawaida kwa miaka mingi. Tyubu na tairi za kawaida za 26 bado zinatengenezwa, ila tairi nzuri za kisasa, foki mpya na rimu nzuri za saizi hiyo zimebaki chache.

Ekseli. Kama gurudumu linatoka kwa kile kileva chembamba cha kwiki, kawaida nyuma yako ni milimita 135 na mbele ni 100. Kama ekseli ni nene na unaipenyeza kupitia fremu, pima upana: 142 au 148 nyuma, 100 au 110 mbele. 148 na 110 ndo vipimo vinavyoitwa Boost, na ndo magurudumu mengi mapya yanapotengenezewa.

Shingo. Bomba la foki linaloingia kwenye fremu likiwa na upana mmoja juu mpaka chini mara nyingi ni inchi 1 na 1/8. Foki nyingi za sasa zimepanuka chini kufika inchi 1.5. Fremu yako ikiwa ya shingo nyembamba, uchaguzi wa foki mpya ni mdogo sana. Ila pima: kama shimo la shingo ya fremu ni milimita 44 ndani, foki iliyopanuka chini inaingia kwa kutumia kikombe cha nje cha gololi za shingo. Watu wengi hawajui hili na wanatupa fremu nzuri.

Bomba la siti. Soma namba kwenye siti posti, kawaida ni 27.2, 30.9 au 31.6. Hii ni kwa ajili ya posti inayoshuka kwa kitufe, tutarudi hapo.

Breki. Fremu ina masikio ya kufungia kalipa ya diski (ile inayobana pedi) au haina? Na habu (vitovu vya magurudumu) zina sehemu ya kufunga diski? Vyote viwili vikikosekana, kuhamia breki za diski ni kubadilisha nusu ya baiskeli.

Hatua ya 5: Ipe haki yake kwanza

Baiskeli nyingi zinahukumiwa zikiwa na tairi zilizokauka, pedi zilizojaa mafuta na upepo mwingi kupita kiasi. Hiyo ni sawa na kumpima mgonjwa mbio. Kabla ya kuamua fanya mabadiliko haya madogo tu, yote hayana gharama kubwa na mengi utayahamisha au utamwachia mwenye kuinunua:

Tairi mpya, pana kadri fremu inavyoruhusu ikibaki nafasi ya angalau milimita 5 kila upande kwa ajili ya matope. Mpira wa tairi ukikauka unateleza kwenye mawe hata kama meno yake bado marefu, bonyeza na kucha, ukiona nyufa ndogondogo pembeni ushajua.

Punguza upepo. Wanaoanza wengi wanajaza 50 au 60 PSI (kile kipimo cha upepo kwenye geji) kwa sababu wanaogopa pancha, baiskeli inadunda kama mpira. Kwa tairi ya upana wa inchi 2.3 yenye tyubu jaribu kuanzia 30 hivi, alafu ongeza au punguza kidogo kidogo kulingana na uzito wako.

Pedi mpya, na waya mpya za gia pamoja na maganda yake. Jamani waya za gia! Gia zinazogoma, asilimia kubwa ya zile nilizowahi kushika zilikuwa ni waya zilizooza ndani ya ganda, direla yenyewe (ile inayohamisha cheni) haina kosa lolote.

Stemu fupi (kile kipande kinachounganisha hendeli na shingo) na hendeli pana. Ukitoka kwenye stemu ya milimita 100 au 110 ukaenda 60 au 70, na hendeli ya milimita 720 au 740, mteremko unaanza kueleweka. Usiende mpaka 35 kwenye fremu ya zamani, fremu zile ni fupi, zilitengenezwa zikitegemea stemu ndefu, utajikuta umejikunja kama uko kwenye baiskeli ya mtoto. Angalia pia unene wa hendeli pale katikati, za zamani ni 25.4 na za sasa ni 31.8 au 35, kwa hiyo nunua stemu na hendeli pamoja.

Weka foki sawa. Kaa juu ya baiskeli ukiwa na mavazi na mzigo wako wa kawaida, foki inatakiwa izame kama asilimia 20 mpaka 30 ya safari yake, yaani urefu wote inaoweza kuzama. Foki ya milimita 120 ni milimita 24 mpaka 36.

Sasa endesha wiki mbili, njia ileile, angalau mara tano. Baada ya hapo rudi kwenye daftari la hatua ya 1, futa yaliyopona. Usiongeze malalamiko mapya uliyoyasoma mahali.

Hatua ya 6: Piga hesabu, bila kujidanganya

Andika orodha mbili. Ya kwanza ni vitu ambavyo lazima vibadilishwe ili baiskeli iwe salama na itembee vizuri, ile ya pili ni vitu unavyovitamani. Jumlisha kila moja peke yake.

Kipimo changu ni hiki: kama orodha ya lazima peke yake inazidi nusu ya bei ya baiskeli nzuri iliyotumika ambayo ungeinunua badala yake, acha kuifufua. Ikiwa chini ya robo, fufua bila wasiwasi. Katikati hapo ndo malalamiko yenye alama H yanaamua, kama umebaki na H mbili au zaidi zinazokuumiza kila wiki, badilisha.

Upande wa baiskeli mpya jumlisha pia vile vitu visivyosemwa. Baiskeli nyingi nzuri zinauzwa bila pedali. Spea za gia 12 ni ghali kuliko za gia 9. Ikiwa ina shoki mbele na nyuma, una huduma mbili za kulipia na gololi za viungo za kubadilisha baada ya muda. Na vitu vyako vya zamani usitegemee vitahamia: magurudumu ya 135 hayaingii kwenye 148, siti posti inategemea kipenyo, foki inategemea shingo. Siti na pedali ndo vinahama kirahisi, na hendeli kama unene wake wa katikati unaingia kwenye stemu.

Onyo kubwa la hatua hii: usinunue baiskeli mpya vipande vipande juu ya fremu ya zamani. Nimeliona hili likitokea kwa mtu wangu wa karibu, mwezi huu magurudumu mazuri ya 26, mwezi ujao foki iliyotumika, alafu gia, na mwisho amelipa zaidi ya bei ya baiskeli nzima na fremu ni ileile fupi iliyomfanya aanze kulalamika. Alipotaka kuuza hakuna aliyetaka kumlipa thamani ya zile spea.

Hatua ya 7: Jaribu nyingine kabla ya kulipa

Azima, kodi, badilishana na rafiki kwa siku moja, njia yoyote, lakini iendeshe kwenye njia yako ya kila wiki, sio kuzungusha mbele ya duka. Kwenye sakafu kila baiskeli mpya ni tamu.

Weka urefu wa siti sawa na yako, pedali zako, upepo wa kulingana na uzito wako, foki ipimwe. Bila hivyo unalinganisha mpangilio wa mtu mwingine. Alafu panda kilima kilekile na shuka mteremko uleule uliouandika hatua ya 1. Kwenye kupanda sehemu za taratibu usishtuke ukiona mbele inayumbayumba kidogo, pembe ya shingo iliyolala inafanya hivo, dakika 30 mwili unazoea. Kwenye kushuka sikiliza mikono: kama bado inabana hendeli palepale ilipokuwa inabana, tatizo lako linaweza kuwa ni ufundi na wala sio baiskeli, na mafunzo ya siku moja yatakusaidia kuliko fremu.

Ukiamua kununua, kwa hela ileile mimi namshauri anayeanza achukue yenye shoki ya mbele tu yenye breki na foki nzuri, kuliko yenye shoki mbili za bei ya chini. Shoki mbili za bei rahisi ni uzito na gololi za kubadilisha. Uliza fremu ina kishikio cha direla cha aina ya UDH au hapana, kampuni ya SRAM walikitoa 2019 na siku hizi kampuni nyingi zinakitumia, kikipinda unapata kingine bila kuwinda cha kampuni fulani. Ukinunua iliyotumika rudia hatua ya 2 na 3 zote mbele ya muuzaji, muulize namba ya fremu na karatasi ya ununuzi, na ukumbuke dhamana ya fremu mara nyingi ni ya mnunuzi wa kwanza tu.

Ile ya zamani usiiuze wiki ileile. Kaa nayo mwezi mmoja.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kuweka foki ndefu kwenye fremu ya zamani ili "ifanane na za kisasa". Kila milimita 20 hivi za ziada zinalaza shingo kwa kama digrii 1, sawa, lakini pia zinaongeza nguvu inayovuta ile sehemu ya shingo niliyokwambia ukague. Usivuke kipimo ambacho fremu iliundiwa.

Kuingiza magurudumu ya 27.5 kwenye fremu ya 26. Wakati mwingine linaingia, ila tairi inakwangua fremu ukipata matope, na kama breki zako zinashika rimu hazitafika.

Kuchanganya mafuta ya breki. Shimano wanatumia mafuta ya madini, breki nyingi za SRAM zinatumia mafuta ya aina ya DOT. Ukikosea mipira ya ndani inaharibika na breki nzima inakwenda. Soma kwenye kifuniko cha leva kabla ya kumimina chochote.

Kununua kwa kunyanyua. Mtu anainua baiskeli dukani na kidole, anasema nyepesi, analipa. Kilo moja pungufu hutaisikia kama utakavyosikia tairi nzuri na breki zinazoshika.

Mambo yakikwama

*Siti posti haitoki kabisa.* Alumini imeshikana na fremu kwa kutu. Mimina mafuta ya kupenya kutoka juu, na kama unaweza geuza baiskeli umimine kupitia sehemu ya krenki, acha usiku mzima, rudia siku tatu. Alafu fungua kibanio, bana posti kwenye jiriwa na uzungushe fremu taratibu. Usipige nyundo. Isipotoka na urefu wake unakufaa, unaweza kuendelea nayo, ila hiyo ni H nyingine kwenye daftari.

*Nataka posti inayoshuka lakini fremu haina tundu la kupitisha waya.* Zipo ambazo waya unapita nje. Kipenyo cha 27.2 nazo zipo ila chache. Hii ndo spea moja ambayo nikiambiwa nichague kwa baiskeli ya zamani yenye fremu nzima nitaichagua bila kufikiri mara mbili, kushuka siti ikiwa chini ni maisha mengine.

*Gia tatu za mbele zinanisumbua, naweza kubaki na moja?* Unaweza, kwa gia 9 au 10 nyuma. Gia ya mbele iwe ile yenye meno mapana na membamba kwa kupokezana, inashika cheni isidondoke, nyuma kaseti mpaka meno 42 au karibu na hapo, na direla yenye klachi (inayozuia cheni kupigapiga) inayofikia ukubwa huo. Kaseti za 8, 9 na 10 za mtindo wa Shimano wa kawaida zinakaa kwenye habu ileile. Lakini kama nyuma una friwili ya kuskrubu ya gia 6 au 7, hesabu habu mpya pia, na hapo rudi hatua ya 6.

*Breki za diski zinapiga kelele na hazishiki hata baada ya pedi mpya.* Diski ina mafuta. Isafishe na spiriti, kwangua pedi kidogo na msasa kisha zizoeshe: kimbia mwendo wa kati, kamata breki mpaka karibu kusimama bila kufunga gurudumu, rudia mara 20. Pedi zilizolowa mafuta kabisa haziponi, nunua nyingine.

*Nimefanya yote, fremu nzima, orodha ya lazima ni chini ya robo, lakini bado naitamani mpya.* Nunua kama hela ipo na hakuna kinachoumia nyumbani, kutamani sio kosa. Ila nunua ukijua ni kutamani, ili usije ukachagua kwa haraka kwa kujiambia ile ya zamani imekufa.

*Nimeshanunua mpya na naona inapanda kwa shida kuliko ile ya zamani.* Angalia vitu vitatu kabla ya kujuta: siti ipo juu vya kutosha, shoki ya nyuma haijazama zaidi ya asilimia 30, na tairi ulizopewa sio za mteremko mkali zenye mpira laini sana, zile zinanata barabarani. Badilisha ya nyuma tu uweke inayobiringika kirahisi, ya mbele iache.